Kinanda cha zamani kimegoma: tafuta ugonjwa kuanzia kwenye plagi

Vinanda vya miaka ya 1980 bado vinapiga kazi huku Kusini. Yamaha DX7 ilitoka 1983, Roland Juno-106 ikafuata 1984, Roland D-50 mwaka 1987, Korg M1 mwaka 1988, ukiacha Casio ndogo ndogo za aina ile iliyopigia mchiriku kule Dar. Vingine viko kwenye makabati ya kwaya, vingine vimerithiwa kutoka bendi zilizokwishavunjika, na vingine vimeshuka hivi karibuni na mzigo wa mtumba. Msimu wa korosho ukianza na harusi zikipamba moto, ndipo watu wanapovikumbuka na kuvileta kwa fundi.

Mara nyingi mwenye kinanda ameshaambiwa na mtu kwamba aisii (kile kijikasha cheusi chenye miguu mingi kwenye bodi) imeungua, akitupe. Hukumu hiyo siikubali mpaka kinanda kipimwe. Kwa mazingira yetu ya Mtwara na Lindi, kwa joto hili na upepo huu wa bahari, aisii ni ya mwisho kushukiwa. Anza na umeme, njoo kwenye betri ya ndani, halafu kontakti, halafu kutu. Ukifuata njia hiyo bila kuruka hatua, vinanda vingi vitaamka kabla hujagusa aisii hata moja.

Kabla ya kufungua

Chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi hakutoshi, kwa sababu kwenye vinanda kadhaa waya wa volti 230 unapita ndani hadi kwenye swichi hata kikiwa kimezimwa. Vingi vya zama hizo vina transfoma ya chuma, na baada ya transfoma umeme ni mdogo. Ukikuta sapulai ya swichingi, ile isiyo na transfoma kubwa, ongeza tahadhari: kapasita yake kuu, yaani kifaa cha kutunza umeme, inashika volti kama 325, na inaweza kuendelea kuzishika hata plagi ikiwa mkononi mwako. Itoe umeme taratibu kwa rezista ya omu 2,200 ya wati 5, ukiishika kwa koleo lenye mpini wa plastiki, kisha pima uhakikishe imebaki sifuri.

Piga picha kwa simu kila hatua, hasa nyaya bapa zinazounganisha bodi na bodi. Skrubu ndefu usizichanganye na fupi. Skrubu ndefu ikiingia pasipo pake inatoboa bodi au inapasua plastiki, na hapo unakuwa umekipa kinanda ugonjwa ambao hakikuja nao.

Hakiwaki kabisa

Pima soketi kwanza. Mitaa mingi umeme unashuka jioni watu wakianza kupika na kuwasha mafeni, na ukumbini kwenye jenereta unaweza kukuta volti zinapanda na kushuka kila spika kubwa inapopiga besi. Ndani ya kinanda kuna regyuleta, kwa kawaida 7805, inayotengeneza volti 5 za kulisha akili ya kinanda. Regyuleta hiyo inahitaji mlangoni volti kama 2 zaidi ya zile inazotoa. Umeme wa ukutani ukishuka kwa moja ya tano, umeme unaotoka kwenye transfoma nao unashuka kwa moja ya tano, regyuleta inapungukiwa, na kinanda kinajizima na kujiwasha chenyewe katikati ya wimbo. Kinanda kinachofanya vizuri asubuhi na kusumbua saa 1 jioni, usikifungue kabla hujakijaribu kwenye stebilaiza.

Sasa kigeuze usome kibandiko cha nyuma. Kinanda kilichotengenezwa kwa soko la Japani kinataka volti 100, cha Marekani kinataka 120, na sisi tunatumia 230. Hapa ndipo vinanda vingi vya mtumba vinapouawa siku ya kwanza. Mtu amefurahi, kakichomeka moja kwa moja, kimewaka sekunde mbili, kikatoa harufu. Ukiwa na bahati imekatika fyuzi tu. Bahati ikikukosa, umeungua waya wa transfoma wa upande wa ukutani. Chomoa, weka mita kwenye omu, pima kati ya miguu miwili ya plagi swichi ikiwa imewashwa. Transfoma nzima inasoma makumi au mamia ya omu. Mita isiposoma chochote na fyuzi ni nzima, waya wa ndani umekatika, au imekatika fyuzi ya joto ambayo kwenye transfoma nyingi imefichwa chini ya karatasi ya kuzungushia. Fyuzi hiyo hubadilishwa kwa nyingine ya joto lile lile. Usiiunge kwa waya mtupu, maana ndiyo inayozuia moto nyumbani kwa mtu.

Wengine huhofia kwamba kinanda cha Japani hakitaelewana na hezi 50 za kwetu. Hofu hiyo iondoe. Japani yenyewe ina mifumo miwili, Tokyo wanatumia hezi 50 na Osaka 60, kwa hiyo vifaa vya soko lao vinatengenezwa kuvumilia zote. Tatizo ni volti peke yake. Tafuta transfoma ya kushusha kutoka 230 hadi 100. Zile za 110 ndizo zilizojaa madukani, na kinanda cha volti 100 kitafanya kazi nazo, lakini kila kitu ndani kitapata joto zaidi ya kilichopangiwa. Kwa kinanda cha kupiga saa nne mfululizo harusini mimi siiweki.

Vinanda vidogo vya adapta vina ugonjwa wao. Casio nyingi za zamani zinatumia volti 9 na katikati ya plagi yake ni hasi. Yamaha nyingi za kubebeka zinatumia volti 12 na katikati ni chanya. Plagi zinaweza kufanana umbo, mtu akaazima adapta ya jirani, na kinanda kikanyamaza papo hapo. Angalia mchoro mdogo wa duara karibu na tundu la umeme, halafu pima adapta kwa mita. Ikiwa imegeuzwa, mara nyingi kilichokufa ni dayodi ya ulinzi (dayodi hupitisha umeme upande mmoja tu) iliyo karibu kabisa na tundu, kitu cha bei ndogo sana. Toa, weka nyingine ya aina hiyo, jaribu.

Rudi kwenye vinanda vikubwa. Fyuzi ikiwa imekatika, itazame vizuri kwenye mwanga kabla ya kuitupa, kwa sababu inakueleza kilichotokea. Waya umekatika katikati na kioo bado ni cheupe: fyuzi imechoka, au umeme ulizidi kidogo kwa muda. Kioo kimekuwa cheusi au kimepakwa rangi ya fedha kwa ndani: kuna shoti kubwa, na ukiweka fyuzi nyingine tu itaungua vile vile. Hapo unganisha globu ya zamani ya waya, ya wati 60, kwa mfululizo na plagi ya kinanda. Ukiwasha na globu ikang'aa kwa nguvu na kubaki hivyo, shoti ipo. Ikimweka mara moja kisha ikafifia, sapulai inapumua vizuri na unaweza kuendelea. Globu hizi zinaadimika siku hizi kwa sababu ya taa za LED, na LED haifai kwa kazi hii. Ukiipata moja, itunze.

Fuatilia umeme kutoka kwenye transfoma: dayodi nne za daraja, kapasita kubwa, kisha regyuleta. Kwenye 7805 ukiitazama kwa mbele, mguu wa kushoto ni wa kuingilia, wa katikati ni ardhi, wa kulia ni wa kutokea. Unataka kuona kati ya volti 4.75 na 5.25. Sintesaiza nyingi, yaani vinanda vya kutengenezea sauti kama DX7 na Juno, zina pia regyuleta za 7815 na 7915 kwa volti 15 chanya na 15 hasi, zinazolisha upande wa sauti. Angalizo la 7915: miguu yake haikupangwa kama ya 7815. Wa kushoto ni ardhi, wa katikati ndio wa kuingilia, na bati la mgongoni limeungana na huo wa kuingilia. Fundi anayegusisha waya mweusi wa mita kwenye bati hilo akidhani ni ardhi atasoma namba za uongo na kuanza kubadilisha vitu vizima.

Volti 5 zikikosekana, chomoa plagi inayopeleka umeme kwenye bodi kubwa, pima tena. Zikirudi, sapulai ni nzima, na shoti iko mbele. Mshukiwa wa kwanza ni kapasita za tantalamu, zile zenye umbo la tone, za njano au za buluu. Zikizeeka zina tabia ya kupiga shoti. Zima, chomoa, pita na kidole juu ya kila moja: iliyo ya moto kuliko wenzake umeipata.

Kinawaka, lakini kimesahau sauti zake au kioo kinaandika takataka

Majina ya sauti yamegeuka viboksi na alama za ajabu, au kila sauti ni kelele moja. Hiyo ni betri ya kumbukumbu. Vinanda vingi vya zama hizo vina CR2032 ya volti 3, imelehemewa moja kwa moja kwenye bodi kwa vibati. Kwenye DX7 huhitaji hata kufungua kujua hali yake: bonyeza FUNCTION, kisha kitufe cha 14, na kioo kitakuonyesha volti za betri. Ikishuka chini ya 2.7, ibadilishe kabla haijakuacha njiani.

Kama sauti bado zipo, zihifadhi kwanza, kwa sababu ukitoa betri zinapotea. Unganisha kinanda na kompyuta kwa MIDI, ule waya wa vinanda kupelekeana habari, utume sauti zote kama faili. Benki nzima ya DX7, sauti 32, inaingia kwenye faili la baiti 4,104 tu, ambalo utalituma hata kwa WhatsApp na kulihifadhi kwenye simu. Kuna wapigaji ambao sauti walizozitengeneza miaka thelathini iliyopita zimo humo tu, hazipo mahali pengine duniani. Fundi anayetoa betri bila kumuuliza mwenye kinanda anamfutia mtu kazi ya maisha yake.

Ukibadilisha, usiweke chuma cha moto kwenye betri yenyewe, inaweza kupasuka. Lehemu kishikio cha betri, kisha ingiza betri kwa mkono. Safari ijayo anayekuja baada yako hatahitaji kulehemu chochote. Kama sauti zilishapotea, pakia za kiwandani kwa MIDI, na kwenye DX7 kumbuka kuondoa kwanza ulinzi wa kumbukumbu, la sivyo kinanda kitakataa kupokea.

Korg Polysix ya 1981 inahitaji macho ya pekee. Bodi yake ya KLM-367 ilitoka na betri ya kuchajiwa ya nikeli na kadimiamu, na betri hiyo ikizeeka inavuja. Maji yake yanakula njia za shaba. Utaona unga mweupe au wa kijani ukitambaa kutoka kwenye betri kwenda pembeni, na mara nyingine umepita hata chini ya aisii. Toa betri. Maji hayo ni alkali, kwa hiyo pangusa kwa siki nyeupe kwa mswaki laini mpaka povu likome, suuza kwa maji safi ya kuongezea betri za gari (uhakikishe si yale ya asidi), malizia na spiriti, kausha kabisa. Kisha chukua mita upime kila njia iliyoguswa, moja baada ya moja. Iliyokatika iunge kwa waya mwembamba. Ukiamua kuweka betri ya lithiamu mahali pake, lazima uweke na dayodi ya kuzuia kinanda kisiichaji, maana lithiamu isiyo ya kuchajiwa ikilazimishwa umeme inalipuka.

Kioo kinawaka vizuri, sauti hakuna

Weka hedifoni kabla ya yote. Hedifoni zikisikika na spika zisisikike, ugonjwa uko kwenye waya, tundu la kutolea sauti, au mikisa. Tundu la hedifoni kwenye baadhi ya vinanda lina kontakti inayokata sauti ya nje ukichomeka, na kontakti hiyo ikishika kutu inabaki imekata hata ukichomoa. Ingiza na kutoa plagi mara kadhaa usikilize.

Halafu tazama mipangilio. MIDI ilipoingia mwaka 1983 vinanda vikaanza kuja na mpangilio uitwao Local. Ukiwa umezimwa, vidole vinacheza, MIDI inatoka, lakini kinanda chenyewe kiko kimya. Mtoto akibonyeza bonyeza vitufe anaweza kuuzima bila kujua, na kinanda kizima kabisa kikatangazwa kimekufa.

Kama Local iko sawa, tumia MIDI kugawa kinanda vipande viwili. Chukua kinanda kingine kizima, unganisha MIDI yake iingie kwenye kigonjwa, ubonyeze. Kigonjwa kikilia, upande wa sauti ni mzima na tatizo ni kwenye vibonyezo. Kisipolia, geuza: kigonjwa kipeleke kwenye kizima. Kizima kikilia, vibonyezo na akili ni vizima, tafuta kwenye njia ya sauti, na hapo kitu cha kwanza kupima ni zile volti 15 chanya na hasi. Ikikosekana moja kati yake, opampu, zile aisii za kukuza sauti, haziwezi kufanya kazi na sauti inakufa au inatoka imekwaruza. Kwangu hii ndiyo hatua yenye faida kuliko zote katika utatuzi wa sintesaiza, na inahitaji waya wa MIDI tu.

Baadhi ya noti hazilii, au zinapiga kelele kuliko wenzake

Hapa ndipo hali ya hewa ya pwani inapoonekana wazi. Chini ya kila kibonyezo kwenye vinanda vingi kuna raba yenye kidonge cheusi cha kaboni kinachogusa bodi. Vinanda vinavyosikia nguvu ya mkono vina kontakti mbili kwa kila noti: ya kwanza inagusa, ya pili inafuata, na akili inapima muda kati ya hizo mbili. Muda mfupi, umepiga kwa nguvu. Muda mrefu, umepiga taratibu. Sasa moja ikichafuka, hesabu inavurugika. Noti inayolia kwa sauti ya juu kabisa kila mara hata ukiigusa kama unyoya, au inayolia mara moja na kukataa mara tatu, ina kontakti moja iliyochoka.

Kabla hujatoa raba zote, andika kwenye karatasi noti zipi zinagoma. Zikiwa zimetawanyika ovyo, ni uchafu. Zikiwa nane zinazofuatana, au kila ya nane kutoka chini hadi juu, acha raba. Vibonyezo vinasomwa kwa gridi ya safu na mistari, na mpangilio kama huo unamaanisha njia moja ya gridi imekatika: waya bapa umelegea, lehemu imepasuka, au dayodi moja imekufa. Chomoa waya bapa, safisha meno yake, rudisha, jaribu. Nimeona mafundi wakisugua raba sitini na moja kwa ajili ya waya mmoja uliolegea.

Kwa uchafu, tumia spiriti ya isopropili yenye nguvu ya asilimia 90 na zaidi, na pamba ya masikioni. Spiriti ya dawa ya asilimia 70 inaweza kusaidia ukikosa nyingine, ila ina maji mengi, kwa hiyo kausha kwa muda mrefu. Sanitaiza ya mkononi usiiguse: ina gliserini inayoacha utando. Petroli na thina zinakula plastiki. Pangusa kidonge cha kaboni mara moja mbili tu, usikisugue, na usikipitishie msasa, kwa sababu kaboni yenyewe ni tabaka jembamba. Kwenye bodi pangusa mpaka pamba isitoke nyeusi.

Kidonge kikiwa kimeshachakaa, mitaani hubandika karatasi ya fedha ya sigara. Kinalia siku hiyo hiyo, lakini karatasi hiyo inakwangua kaboni ya bodi, na bodi haina spea. Mimi napendelea kuhamisha raba. Zimekatwa vipande vya oktava, kwa hiyo kipande cha mwisho kabisa juu, ambako mpigaji wa kwaya hafiki, kinaletwa katikati, na kilichochoka kinapelekwa pembeni. Hakikisha tu umbo na matundu vinalingana.

DX7 ya kwanza haina raba. Ina vibati vyembamba vya chuma, na vinashika kutu nyeusi kwa chumvi. Loanisha ukanda wa karatasi ngumu kwa dawa ya kusafishia kontakti, upitishe kati ya vibati taratibu, uvute. Usivipinde.

Noti zisizokatika, zinazoendelea kulia hata ukiachia? Chomoa pedali. Pedali za makampuni tofauti zimegeuzwa, nyingine zinafunga zikikanyagwa, nyingine zinafungua. Vinanda vingi husoma aina ya pedali wakati wa kuwashwa, kwa hiyo ichomeke kabla ya kuwasha na usiikanyage mpaka kinanda kimesimama.

Juno-106: kila noti ya sita ni mbovu

Juno-106 ina sauti sita zinazopokezana. Ukipiga noti moja mara sita na moja kati ya hizo inakwaruza, iko kimya au haizimiki, umefika kwenye ugonjwa maarufu wa mashine hii. Washa ukiwa umeshika kitufe cha KEY TRANSPOSE, itaingia kwenye hali ya majaribio na kioo kitaonyesha namba ya sauti inayolia. Andika namba mbovu. Sababu ya kawaida ni vijibodi vya 80017A, vilivyopakwa utomvu mgumu ambao ukizeeka unaanza kupitisha umeme. Tiba ni kuvitoa, kuviloweka kwenye asetoni halisi mpaka utomvu ulainike na kubanduka, au kununua mbadala mpya. Kiondoa rangi ya kucha cha dukani mara nyingi si asetoni tupu, hakitoshi. Fanya nje, mbali na jiko. Miguu ya kijibodi ni dhaifu, na kama hujawahi kutoa kitu chenye miguu mingi bila kubandua njia za bodi, jifunzie kwanza kwenye redio iliyokufa.

Mvumo, mikwaruzo, na sauti inayoyumba

Mvumo wa chini, sikiliza kwa hedifoni kinanda kikiwa peke yake. Ukitoweka, ndani ya kinanda hakuna tatizo, ni waya wa ardhi kati yake na mikisa. Ukibaki, weka mita kwenye AC upime juu ya ile njia ya volti 5: ukiona milivolti chache ni sawa, ukiona mamia, kapasita kubwa zimekauka. Kapasita ya aina hii umri wake unapungua kwa nusu kwa kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, na kinanda kilichokaa miaka chini ya bati bila dari kimezeeka haraka kuliko pacha wake aliyekaa Ulaya. Weka yenye uwezo ule ule, volti zile zile au zaidi, iliyoandikwa nyuzi 105. Mstari wa pembeni ni hasi, usiugeuze. Spea nyingi tunaagiza Dar zinakuja na basi, na feki zipo, kwa hiyo pima uwezo wake kwa mita kabla ya kulehemu.

Volyumu na slaida zinazokwaruza zinahitaji dawa ya kontakti, matone mawili, kisha uzungushe mara nyingi. Mafuta ya bawaba yananasa vumbi, achana nayo. Noti zikitetemeka zenyewe, safisha gurudumu la kupindishia noti kwanza, kabla ya kusema kinanda kimepoteza tyuni. Na ukikuta kiko juu au chini kwa nusu noti kamili, angalia transipozi, ule mpangilio wa kuhamisha noti zote juu au chini.

Vibonyezo vinanata

Ukifungua Roland JD-800 au D-70 ukaona ute mwekundu umechuruzika chini ya vibonyezo, usidhani ni soda. Ni gundi ya kushikilia vyuma vya uzito. Inarudi kuwa ute kwa miaka na joto, na joto letu linaiharakisha. Inayeyuka kwa kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni. Tia soda kwenye maji, kamwe usitie maji kwenye soda, uvae glavu na miwani. Loweka vibonyezo vya plastiki peke yake, osha, kausha, bandika vyuma upya kwa epoksi. Ute ukishafika kwenye bodi unaziba kontakti, kwa hiyo kinanda cha aina hii kisisimamishwe wima wala kulazwa juani.

Chumvi, vumbi na wadudu

Ukifungua kinanda, rangi inakueleza kilikokaa. Kilichotoka Shangani au Mikindani kina ukijani kwenye miguu ya shaba na skrubu zenye kutu. Kilichotoka Masasi au Nachingwea kimejaa vumbi jekundu lakini vyuma vinang'aa. Vumbi ni kazi ya brashi na hewa. Chumvi inataka zaidi: spiriti kwenye bodi nzima, na kila aisii iliyo kwenye soketi iinuliwe kidogo pande zote mbili na kurudishwa, ili miguu ijikwangue. Shika kwanza chuma kilichounganishwa na ardhi utoe umeme wa mwili. Kinanda kinachowaka mara moja moja, kinachoganda ukikigonga, mara nyingi kinapona kwa hatua hii peke yake.

Mende wanapenda karibu na transfoma kwa sababu ya ujoto, na kinyesi chao kikilowa unyevu kinapitisha umeme. Nyigu wa tope wanaziba matundu ya hewa. Vyote vitolewe kwa mkono na brashi kabla ya kuwasha.

Baada ya yote hayo, volti zote zikiwa sahihi, betri mpya, kontakti safi, soketi zimekwanguliwa, na kinanda bado kimya, sasa una haki ya kusema aisii. Kwenye DX7 zinazotengeneza sauti ni mbili, YM21290 na YM21280, na hazitengenezwi tena. Zinapatikana kwenye DX7 nyingine iliyokufa kwa sababu tofauti, iliyopasuka kasha au kuungua transfoma. Ndiyo maana kinanda kilichoshindikana hakitupwi: toa betri yake isije ikavuja, kifunge kwenye nailoni na punje kavu za kunyonyea unyevu, ukiandike kwa nje kina nini kizima na kina nini kibovu, kiweke juu kabatini.